Kanisa Lisilojifungia Ndani

Tumeombwa kunena juu ya kanisa la mtaa, jinsi linavyojengwa na jinsi linavyodumu katika afya. Hatutasema habari za kuta na mawe. Kazi hiyo mafundi waashi waijua kuliko sisi walimu. Twasema juu ya watu wenyewe, wale wanaokusanyika kengele ikilia, ambao huenda wakawa wengi nao ni wagonjwa, au wakawa wachache nao ni wazima.

Yatupasa kuanza na kosa letu wenyewe, maana si haki kuwafundisha watu kwa makosa ya majirani tu.

Katika kijiji kimoja tulikokaa miaka kadhaa, nyumba ya kusalia ilikuwa ya udongo na nyasi, nayo ilivuja sana. Wakristo wakakusanya fedha kwa muda wa miaka mitatu ili wanunue bati. Kina mama waliuza kuku na mayai, wazee waliuza mbuzi, na sisi walimu tulitoa fungu katika mshahara wetu. Fedha zilipokaribia kutosha, wakaja watu wawili kutoka ng'ambo ya mto, mtu mzima na kijana wake, wakasema, "Twaomba mwalimu. Watoto wetu wataka kusoma, na sisi wazee habari za Mungu wenu twazisikia vipande vipande, kama mtu asikiaye ngoma ya kijiji cha mbali." Hiyo ilikuwa mara ya tatu kuja kwao kwa neno lile lile.

Wazee wa kanisa wakakutana chini ya mwembe baada ya sala ya Jumapili. Sisi tulikuwa mwandishi wa mkutano. Ikahesabiwa, ikaonekana ya kuwa kumlisha na kumvika mwalimu mmoja kwa mwaka mzima kungekula fedha za bati karibu zote. Mzee mmoja akasema, "Askofu akija kutukagua atatuonaje, hali kanisa letu ni kama zizi la ng'ombe?" Wengine wakaitikia. Ndipo mjane mmoja, mwanamke asiyejua kusoma, akaomba ruhusa ya kunena. Akasema, "Baba zangu, mimi sina elimu, lakini nawauliza. Sisi tukilowa Jumapili, Jumatatu tumekwisha kukauka. Watoto wa ng'ambo wasipofundishwa sasa, watangoja mpaka lini? Watoto hawangoji, hukua."

Watu wakanyamaza. Mkubwa wa mkutano akatugeukia, akasema, "Mwalimu, wewe wasemaje?" Nasi tukajibu, "Tuanze na bati, mambo ya ng'ambo yatafuata." Tukaandika katika daftari: Neno la ng'ambo limewekwa mpaka mkutano mwingine. Na mkutano mwingine ulipokuja, hakuna aliyelitaja. Tukisema kweli yote, sababu yetu haikuwa mvua. Walimu wenzetu wa mitaa ya jirani walikuwa na bati, na sisi tuliona haya mbele yao.

Bati likaezekwa, tukafanya sikukuu, tukala wali na nyama. Baada ya hayo, wasikilizaji, yalitupata mambo ambayo hatukuyatazamia. Ukazuka ugomvi juu ya nani atakaa mbele. Ukafuata ugomvi wa ufunguo wa mlango, kwa kuwa nyumba ya nyasi haikuwa na kufuli na nyumba ya bati ilikuwa nayo. Kisha ukazuka wa tatu, nao ulikuwa mbaya kuliko yote, juu ya fedha za misumari iliyosalia, fedha ambazo zisingetosha kununua hata jembe. Jamaa mbili zikaacha kusalimiana. Vijana wakaona hayo, wakaondoka mmoja mmoja kwenda mashamba ya mkonge, wala hawakuaga. Twafikiri ya kuwa kundi lisilo na kazi nje ya nyumba yake hutafuta kazi ndani, na kazi ya ndani iliyo karibu mno ni kugombana. Na wale wa ng'ambo hawakuja mara ya nne.

Tutarudi kijijini hapo. Kwanza twataka kuwapeleka mbali, mpaka nchi ya Buganda, maana yako huko mambo yaliyotokea zamani ambayo sisi tuliyasoma tumekwisha kuwa watu wazima, nasi tukatamani kuwa tuliyajua siku ile chini ya mwembe.

Wamisionari wa kwanza Waingereza walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877, na mapadre Wafaransa wakafuata mwaka 1879. Kitu cha kwanza walichokipenda Waganda kilikuwa kusoma. Walipenda sana hata katika lugha yao neno moja likawa na maana mbili, kusoma na kusali, na Wakristo wakaitwa wasomaji. Yafaa tukumbuke, sisi tunaosema Kiswahili, ya kuwa vitabu vya kwanza vya wasomaji hao vilikuwa vya Kiswahili, vilivyofasiriwa Unguja na Askofu Steere na wenziwe, kwa kuwa Injili ilikuwa haijapatikana bado kwa Kiganda. Neno lililoandikwa pwani kwa kuwafaa watu wa pwani lilivuka nyika, likazunguka ziwa, likawapata watu ambao wafasiri hawakuwaona kamwe.

Mutesa alikufa mwaka 1884, akatawala mwanawe Mwanga. Chini yake wasomaji waliona taabu kubwa. Vijana watatu waliuawa mwanzo wa mwaka 1885, na tarehe 3 Juni 1886 wengi wakachomwa moto huko Namugongo, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja. Habari hizo mwazijua, zimeandikwa mahali pengi. Lakini kuna jambo dogo katika mwaka ule wa 1885 ambalo watu hulipita upesi. Wamisionari, kwa kuwa walitazamia kuuawa au kufukuzwa wakati wowote, wakaona kundi litabaki bila mchungaji. Basi wakachaguliwa wazee miongoni mwa Waganda wenyewe, wawe baraza la kanisa, wafundishe na kuwasalisha watu nyumbani mwao. Wengi wa hao walikuwa wamebatizwa miaka miwili au mitatu tu. Sisi tungalisema hawajakomaa. Lakini mwaka 1888 Wakristo walipofukuzwa katika nchi yao, wakakimbilia Nkore bila mzungu wa kuwaongoza, kundi halikutawanyika. Walikaa pamoja ugenini, wakafundishana, wakarudi kwao wangali kundi. Mackay, yule fundi wa Scotland aliyewapigia chapa karatasi zao za kwanza, alikufa mwaka 1890 huko Usambiro, kusini ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, wala hakurudi Buganda kuona matunda yake. Matunda yalikuja bila yeye kuwapo, na kwetu sisi hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Sasa sikilizeni jambo la mwaka 1893. Taabu zilikuwa zimepungua, wakuu wengi wamekuwa Wakristo, na juu ya kilima cha Namirembe lilisimama kanisa kubwa sana la miti na matete na nyasi lililojengwa mwaka 1892. Kila mtu aliyetazama angalisema, kanisa hili ni zima. Ndipo Mganda mmoja, jina lake Musa Yakuganda, alipowaendea wamisionari akaomba atangazwe ya kuwa yeye si Mkristo tena. Akaulizwa sababu. Akaeleza ya kuwa dini haikumsaidia kushinda dhambi zake, basi heri arudie mambo ya kale waziwazi kuliko kukaa kanisani kwa jina tu.

Mtu kama huyo akija kwetu, twafanya nini? Mara nyingi twamkemea, au twamfuta katika daftari, tukaendelea na habari zetu. Yule mmisionari Pilkington, mtu wa Ireland, aliyekuwa akiifasiri Biblia kwa Kiganda, hakufanya hivyo. Aliona ya kuwa maneno ya Musa yamgusa yeye mwenyewe pia. Akaenda kisiwa cha Kome ziwani, akakaa huko akisali na kusoma, na aliporudi mwezi wa Desemba alisimama mbele ya watu, akaungama udhaifu wake kwanza, kabla ya kusema udhaifu wao. Watu wakamiminika kanisani siku baada ya siku, nao wakaungama. Musa naye akarudi.

Lakini angalieni lililofuata, kwa sababu hapo ndipo penye fundisho letu. Mioyo ikiwaka moto, watu hupenda kukaa pamoja wakaota moto huo. Waganda hawakukaa. Mwaka 1894 wakatoka walimu kwa makumi, wakaenda visiwani, wakaenda mipakani mwa Buganda, wakajenga vibanda vya matete ambavyo waliviita masinagogi, mahali pa kusomea na kusalia. Mwalimu alikaa katika kijiji, akafundisha herufi asubuhi, akafundisha Injili, akalima au akalishwa na watu. Askofu Tucker alikuwa ameshika kanuni ya kuwa walimu wa nchi walishwe kwa sadaka za nchi, fedha za Ulaya zisiwe mshahara wao. Basi sadaka iliyotolewa Namirembe ilitoka nje ya Namirembe.

Na mwaka ule ule wa 1894 upepo wa dhoruba ukaliangusha kanisa kubwa, lote, hata chini. Walijenga tena. Kanisa la matofali lililokamilika mwaka 1904 likapigwa na radi mwaka 1910, likateketea. Lile linalosimama sasa juu ya kilima lilitabarukiwa mwaka 1919. Mtu akiyaweka mambo hayo mawili katika mizani, lile jengo kubwa na vile vibanda vya matete vya mwaka 1894, ataona ni lipi lililodumu. Vibanda vyenyewe vilioza, ndiyo, tena upesi. Watu waliofundishwa ndani yake hawakuoza.

Mmoja wa walimu waliotoka siku zile ni Apolo Kivebulaya. Alizaliwa yapata mwaka 1864, katika ujana wake alikuwa askari, na kwa maneno yake mwenyewe maisha yake ya kwanza hayakuwa mazuri. Jina la Kivebulaya maana yake ni kitu kitokacho Ulaya. Watu walimpa kwa sababu alivaa koti la kizungu juu ya kanzu yake. Basi jina la mzaha likawa jina la mtakatifu. Mambo kama hayo hutokea. Alibatizwa mwaka 1895, na mara akajitoa kwenda kufundisha nchi ya Toro, chini ya milima ya Ruwenzori.

Mwaka 1896 ilitakiwa mtu wa kwenda Mboga. Mahali hapo pako ng'ambo ya mto Semliki, ukizunguka ncha ya kaskazini ya milima ile, mwanzo wa msitu mkubwa wa Kongo. Walimu wawili Waganda walikuwa wametangulia kwenda, wakarudi. Mtawala wa Mboga, Tabaro, aliwakataza watu kuwapa chakula, na wao hawakuwa tayari kulima. Msiwacheke upesi. Katika Buganda ndizi ni chakula cha watu wote, na kulima migomba ilikuwa kazi ya wanawake. Mwanamume wa Buganda, tena mwalimu, kushika jembe mbele ya watu wageni lilikuwa jambo la kumvunjia heshima. Sisi pia tumewaona vijana wanaotoka chuoni na cheti, wanaofikiri ya kuwa jembe na chaki haviwezi kukaa katika mkono mmoja.

Apolo alichukua jembe. Alipofika akalima, akapanda, na Tabaro alipokataza watu wasimlishe, hakuhitaji ruhusa ya mtu ili ale. Twaliona jambo hili kuwa kubwa kuliko hotuba nyingi. Mjumbe anayetegemea bakuli la mwenyeji wake hawezi kumwambia mwenyeji huyo neno asilolipenda. Tena Apolo akilima, watu walipita njiani wakasimama kumtazama, wakauliza, akajibu. Shamba likawa darasa lake la kwanza.

Taabu hazikukoma kwa hayo. Alipigwa vibaya, na nyumba ya kusalia ikachomwa moto. Kisha likatokea balaa. Walipokuwa wakijenga, mkuki ulikuwa umewekwa katika majani, na mwanamke mmoja, ndugu yake Tabaro, akauangukia akafa. Apolo akashtakiwa kuwa ndiye muuaji. Akafungwa minyororo, akapelekwa Toro, akawekwa gerezani. Ndani ya gereza, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alimwona Bwana Yesu Kristo katika maono, aking'aa kama jua, akamtia moyo. Mtu na afikiri atakavyo juu ya maono. Sisi twajua jambo moja lisilo na shaka, ya kuwa alipofunguliwa hakwenda nyumbani Buganda kupumzika. Alirudi Mboga. Alirudi kwa watu wale wale, kwa mtawala yule yule, na Tabaro mwenyewe mwishowe akabatizwa.

Alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Mpaka kati ya Waingereza na Wabelgiji ulipotengenezwa, Mboga ikawa upande wa Kongo. Kanisa linalojitazama lenyewe lingalisema, hiyo si nchi yetu tena, turudishe mtu wetu. Apolo aliendelea kuvuka. Na tangu mwaka 1921, mtu wa miaka karibu sitini, akaanza kuwaendea Wambuti wa msituni, wale ambao watu wa pwani huwaita mbilikimo, na ambao majirani zao wengi waliwadharau wakawahesabu si watu kamili. Aliketi nao katika kambi zao, akajifunza maneno yao, akaanza kuwafasiria Injili ya Marko.

Alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ya kwao ni kumzika mtu kichwa kikielekea mashariki. Apolo aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu, mahali ambapo kazi ilikuwa haijafika. Watu wakamtii. Kundi alilolianza na jembe moja likakua. Mwaka 1972 Boga, kama iandikwavyo sasa, ikawa dayosisi, na mwaka 1992 Kanisa la Anglikana la nchi ile likawa jimbo lenye askofu mkuu wake.

Wala Waganda hawakuwa peke yao. Twaweza kumtaja Leonard Kamungu, mtu wa kando ya ziwa Nyasa, aliyesoma Kiungani huko Unguja, akawa padre mwaka 1909. Aliacha kanisa lililokwisha kustawi kwao, akaenda Msoro katika nchi ambayo sasa ni Zambia mwaka 1911, akafa huko mwaka 1913. Kazi yake ilikuwa ya miaka miwili tu, nayo haikufa pamoja naye.

Mtasema, hao ni watu wakubwa, na sisi ni kundi dogo lenye daftari moja na kengele ya chuma cha reli. Vema. Basi tuseme mambo ya daftari.

La kwanza ni fedha. Hesabu ya sadaka na isomwe mbele ya watu wote, wazi, kila miezi mitatu, hata kama ni senti chache, maana senti zilizofichwa hunuka kuliko shilingi zilizopotea. Na katika hesabu hiyo liandikwe fungu la watu wa nje kabla ya kuandika fungu la nyumba. Tumejaribu njia zote mbili. Likiandikwa mwisho, halipatikani kamwe. Daima kuna dirisha lililovunjika.

Kisha shamba. Ikiwa kundi haliwezi kupata fedha za mwalimu, laweza kupata mikono. Watu thelathini wakilima pamoja siku mbili katika mwezi, mtama na mihogo itamlisha mtu mmoja pamoja na mkewe na watoto. Na watu waliopalilia shamba la mwalimu hawasahau kuuliza habari zake. Hata walio maskini kabisa hutoa kwa njia hiyo bila kuona haya, kwa sababu jembe la maskini halilimi kidogo kuliko la tajiri.

Juu ya mtu wa kutumwa, twaona makosa mara nyingi. Kundi humtuma yule ambaye halimtaki: kijana mgomvi, au mwalimu aliyeshindwa mtihani. Wenyeji wa huko si wajinga, watambua mara moja ya kuwa wamepewa makombo. Mtume yule ambaye kuondoka kwake kutawaachia pengo. Tena wasiende peke yao, bali wawili wawili, mmoja akiugua mwingine awapo.

Na hapa yatupasa tuwe wa kweli hata kwa habari za hao Waganda tuliowasifu. Wengi wao walipokwenda Toro na Bunyoro walitaka watu wasome kwa Kiganda, washike na desturi za Kiganda, wakaona lugha ya wenyeji haifai kwa mambo ya Mungu. Wenyeji wakachukizwa, tena kwa haki, na mwishowe Injili ikafasiriwa kwa lugha yao. Mtu aweza kutoka nje ya mlango wa nyumba yake hali amejichukulia nyumba nzima kichwani. Apolo alikuwa Mganda kama wao, lakini katika msitu alijifunza maneno ya Wambuti. Ninyi mtakaovuka mto wenu, sikilizeni mwezi mzima kabla ya kufundisha. Jueni majina ya wazee, mashamba yao na misiba yao. Majirani wakiwa Waislamu, au wakishika mila za babu zao, wapeni heshima ile mnayotaka kupewa. Mkisikia kilio usiku, nendeni msibani kwao kama mnavyokwenda kwenu, mchimbe kaburi pamoja nao.

Neno la baraza la wazee limekwisha kuonekana katika habari za mwaka 1885. Kundi ambalo kila jambo lake hungoja kasisi, au mwalimu, au mzungu, ni kama mtoto abebwaye mgongoni hata akafikisha miaka kumi. Miguu yake haina nguvu, wala si kosa la miguu. Tucker alifanya mashemasi Waganda tangu mwaka 1893 na makasisi tangu mwaka 1896, kisha akashindana miaka mingi ili kanisa liwe na katiba yake, ambamo Waganda na wamisionari wangeketi katika baraza moja chini ya sheria moja. Waliompinga zaidi walikuwa wamisionari wenzake. Katiba ilikubaliwa mwaka 1909. Twawaambia na ninyi wazee wa mitaa: je, vijana wenu wana sauti katika baraza? Na kina mama, ambao ndio wengi wanaosali na ndio wengi wanaotoa, huitwa mkutanoni, au huitwa kupika tu baada ya mkutano? Mjane wa kijiji chetu alinena mara moja tu, nasi hatukumsikia.

Twarudi kwake sasa. Miaka miwili ilipita baada ya bati. Katika shule yetu alikuwapo mwanafunzi wa darasa la sita, mtoto mkimya, asiye wa kwanza wala wa mwisho. Mwalimu wa zamu aliona ya kuwa kila Jumamosi hayupo katika mchezo wa mpira. Tukamwita, tukamwuliza aendako. Akatazama chini, akasema, "Shikamoo mwalimu. Naenda ng'ambo." Tukauliza, "Kufanya nini?" Akajibu, "Kuna watoto kule. Nawaandikia herufi mchangani." Tukauliza nani aliyemtuma. Akasema, "Bibi." Alikuwa mjukuu wa mjane yule. Kisha, kwa woga, akaomba kama twaweza kumpa vibao vya kuandikia vilivyovunjika, vile ambavyo shule haivitumii tena, kwa sababu mvua zilikuwa karibu na mchanga ukilowa hauandikiki.

Tulimpa vibao. Jumamosi iliyofuata tukavuka pamoja naye, tukamkuta yule mtu mzima aliyekuwa amekuja kwetu mara tatu. Hatukujua la kusema. Yeye akatupa kigoda, akatupa maji ya kunywa, wala hakukumbusha neno lolote. Yule kijana wake aliyekuja pamoja naye siku zile hakuwapo. Alikuwa amekwenda mashambani kutafuta kazi, naye alikwenda hajui kusoma. Hilo hatukuweza kulirudisha.

Katika mkutano wa wazee wa mwezi ule tulifungua daftari mahali pale pa kale, tukasoma kwa sauti yale tuliyoyaandika, tukakiri mbele yao sababu yetu ya kweli. Tulidhani watatukasirikia. Wale wa jamaa mbili zisizosalimiana walikuwapo wote wawili, na jambo la kwanza walilokubaliana baada ya miaka miwili lilikuwa nani atoe mbegu za mtama na nani atoe shamba. Fedha za misumari zikanunua jembe, kwa kuwa mtu mmoja aliongeza zilizopungua, na jembe hilo likavuka mto.

Siku ya Mavuno ya mwaka uliofuata, watu wa ng'ambo walikuja kanisani kwa mara ya kwanza, wapata ishirini, wakaketi nyuma karibu na mlango. Mjane alitoka mahali pake akaenda kuketi pamoja nao. Mahubiri yalipoanza, mvua kubwa ikanyesha, na kelele za bati zikazidi hata kasisi asisikike kabisa. Akafunga kitabu chake, akaketi. Nasi sote, wenyeji na wageni, tukakaa kimya tukingoja ipite.